Mizani Ielekezwe kwa Mnunuzi

Ndugu msomaji, makao ya Simba yako Mtaa wa Msimbazi na ya Yanga yako Jangwani, mwendo mfupi tu kwa miguu. Kwa hiyo Kariakoo haijapata kulala bila ubishi wa mpira. Lakini tangu Ijumaa ya tarehe 5 Aprili, 2024, lipo swali ambalo hata mshabiki wa Simba, akisha kuwacheka jirani zake, hulijibu kwa shida: huu mtambo wa video wa kuwasaidia marefa, uitwao VAR, wamsaidia nani hasa?

Usiku huo Yanga ilikuwa Pretoria, Afrika Kusini, ikirudiana na Mamelodi Sundowns katika robo fainali ya Klabu Bingwa Afrika. Mchezo wa kwanza, hapa Dar es Salaam, ulikwisha bila kwa bila. Katika kipindi cha pili Stephane Aziz Ki aliachia mkwaju. Mpira ukagonga mtambaa wa panya, ukadunda chini, ukatoka nje ya goli. Yanga wakashangilia, lakini goli halikukubaliwa. Hatimaye wakatolewa kwa penalti 3 kwa 2, na klabu ikapeleka malalamiko CAF.

Sikusudii kulikata shauri lile. Sheria yataka mpira mzima uvuke mstari mzima, na picha iliyopigwa kutoka pembeni yaweza kulidanganya jicho. Goli la Geoff Hurst, la fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 1966, hubishaniwa hata leo.

Ila mwanangu wa miaka tisa aliniuliza, "Baba, kama mashine imeona, mbona haisemi?" Nilitaka kumwambia kwamba mchezaji mwema hukubali kushindwa, kama nasi tulivyofunzwa. Neno likanikwama. Kunyamazia hukumu usiyoelezwa sababu yake si adabu njema.

Hebu tazama sokoni. Mama anunuaye kilo mbili za mchele hana haja ya kujua mizani iliundwaje. Ataka tu iwekwe mahali ambapo yeye na muuzaji wote wauona mshale. Ukiifunika kwa kitambaa, hata ikiwa sahihi, ataondoka akinung'unika kuwa amepunjwa. Ndivyo ilivyo kwa mshabiki na VAR. Isitoshe, mashine haihukumu. Wapo watu walioketi mbele ya picha, wakizungumza na refa kwa redio, nasi hatuwasikii.

Kitambaa hicho chaweza kuondolewa. Katika Kombe la Dunia la wanawake la mwaka 2023, huko Australia na New Zealand, refa aliyekwenda kutazama video alitangaza uamuzi wake kwa vipaza sauti, uwanja mzima ukasikia.

Basi, msomaji, tusidai mtambo utupwe. Tudai usemwe ulichokiona. Mshabiki aliyeelezwa sababu hurudi nyumbani na uchungu, nao hupoa kabla ya mechi ijayo. Asiyeelezwa hurudi na shuku, na shuku hiyo huwarithisha wanawe.