Tulimhukumu Bila Kumwuliza

Kuuliza si ujinga, wasema wazee, nasi walimu twawafundisha watoto mithali hiyo tangu wangali wadogo. Lakini liko jambo moja ambalo sisi wenyewe hatukuuliza, na kwa kutouliza kwetu tulimkosesha mtoto wa watu safari ya masomo ng'ambo. Twaliandika hapa bila kujitetea, ili walimu wenzetu na wazazi wasije wakalifanya.

Sisi tu wakazi wa Manzese, mjini Dar es Salaam, katika wilaya ya Ubungo ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Kinondoni. Asiyepajua na aelewe ya kuwa ni mahali penye watu wengi sana. Barabara ya Morogoro yapita katikati, nayo haina usiku wala mchana: malori yaendayo bara, daladala, bodaboda, na tangu mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yenye njia yao peke yao. Wauza mitumba wamepanga bidhaa zao hata pale wapitapo watu kwa miguu. Nyuma yao nyumba zimesongamana, na vichochoro vingine havipitishi watu wawili wakikutana. Masika yakija, hujaa maji na matope.

Katika shule ya sekondari tuliyokuwa tukifundisha alikuwako msichana asiyeona. Mama yake alikuwa muuza vitumbua. Kila siku, kabla jua halijatoka, msichana huyo aliondoka kwao peke yake na fimbo yake nyeupe, akapita vichochoroni, akasimama ukingoni mwa barabara kuu akisikiliza, akavuka, akafika shuleni mbele ya wengi wenye macho. Alisoma kwa nukta nundu, yaani yale maandishi ya kusomwa kwa vidole, aliyoyabuni Mfaransa Louis Braille na kuyachapisha mwaka 1829. Tulimpenda, tukamsifu mbele ya wageni. Kumbe kumsifu mtu si kumwamini.

Siku moja lililetwa tangazo la nafasi za masomo ya mwaka mmoja ng'ambo. Sisi walimu wawili tukapewa kazi ya kuchagua majina matatu. Tulipofika kwenye jina lake, mmoja wetu akasema, "Huyu ana akili kuliko wote, lakini huko ugenini atashikwa mkono na nani?" Mwenziwe akajibu, "Kweli, tusimtaabishe bure." Maneno hayo hayakuchukua hata dakika moja. Tukaandika majina ya wengine, tukayapeleka. Wala hatukuona ya kuwa tumefanya ubaya. Tulijiona watu wa huruma.

Baada ya majuma machache akaja ofisini, akabisha hodi.

"Shikamooni, walimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimesikia majina ya wenzangu watatu yamepelekwa kwa ajili ya masomo ya ng'ambo. Je, nami mlinifikiria?"

Tukamweleza sababu yetu kwa maneno ya upole. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Walimu wangu, ni nani anishikaye mkono nivukapo Barabara ya Morogoro? Mngaliniuliza, ningaliwaambia niwezalo na nisiloweza. Nisiloweza ni kidogo, nalo lina dawa yake."

Hatukuwa na jibu. Alipokwisha kwenda tulilitoa lile tangazo katika faili, tukalisoma hata mwisho. Chini kabisa iliandikwa ya kwamba wenye ulemavu nao waombe, na kila mmoja aeleze msaada anaouhitaji. Hatukuwa tumefika huko, maana tulikuwa tumekwisha kuhukumu. Majuto ni mjukuu: siku za kupokea majina zilikuwa zimepita, na mwaka uliofuata umri wake ulikuwa umezidi ule uliotakiwa.

Tangu hapo tulianza kujifunza mambo yaliyotupasa kuyajua zamani. Tulisoma habari za Dkt. Elly Macha, Mtanzania asiyeona, aliyeandika tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, mwaka 2002. Habari aliyoichunguza ilikuwa hii hii yetu: jinsia, ulemavu na njia ya kuipata elimu katika Tanzania. Baadaye aliongoza Umoja wa Wasioona wa Afrika, na mwaka 2015 akaingia katika Bunge letu. Akafariki mwaka 2017. Tulisoma pia habari za Dkt. Abdallah Possi, mwenye ualbino, aliyepata udaktari wake katika Chuo Kikuu cha Erlangen-Nürnberg, Ujerumani, na mwaka 2017 akateuliwa kuwa balozi wetu katika nchi ile ile. Tukaulizana: kama walimu wao wangalikuwa na huruma ya namna yetu, wangalifika wapi?

Tuligundua pia ya kuwa dawa aliyoitaja yule msichana ipo kweli. Mtihani wa Kiingereza uitwao IELTS, utakiwao na vyuo vingi vya ng'ambo, una karatasi za nukta nundu na muda wa ziada kwa mtahiniwa aombaye mapema. Marekani ilianzisha mpango wa YES mwaka 2002, nao umewahi kuwachukua vijana wa Tanzania kukaa mwaka mmoja na jamaa za huko na kusoma. Vijana wenye ulemavu nao walipokewa, wakatayarishwa na Mobility International USA, shirika la mjini Eugene, Oregon, lililoanzishwa mwaka 1981. Nchi yetu nayo iliuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 ikatunga sheria yake yenyewe. Basi mlango wa mbali ulikuwa wazi. Uliofungwa ni ule wa ofisi yetu.

Tena tusidhani ya kuwa hufungiwa wasioona peke yao. Yuko asiyesikia, ambaye hasikii tangazo lisomwapo mstarini asubuhi. Yuko wa kiti cha magurudumu, ambaye fomu zake ziko katika ofisi ya ghorofani. Yuko msichana ambaye jamaa zake wasema ng'ambo si kwa wasichana. Na yuko mtoto wa maskini. Pasipoti mpya iliyoanza kutolewa mwaka 2018 ilitozwa shilingi 150,000. Kitumbua kikiuzwa shilingi 200, fedha hizo ni vitumbua 750, kabla ya kutoa gharama ya unga na mafuta. Mama huyo akiambiwa leo kwamba fedha zatakiwa juma lijalo, atajibu nini? Lakini akiambiwa mapema, mwaka mzima kabla, hujiwekea kidogo kidogo.

Sasa desturi yetu ni hii. Tangazo likija, twalisoma mbele ya darasa zima, tangu neno la kwanza hata la mwisho, twalibandika ukutani, na asiyeona au asiyesikia twamfikishia kwa njia aiwezayo. Hatumwambii mtu, "Wewe huwezi." Twamwuliza, "Wahitaji nini?" kisha twamsaidia kuandika hivyo katika barua yake. Kukubali au kukataa ni kazi ya waliotoa nafasi. Kwa nini sisi tuwatangulie kukataa?

Yule msichana yuko chuoni hapa hapa nchini, wala hajaenda ng'ambo bado. Mara kwa mara huja kutusalimu, na hutusaidia kuwaeleza wadogo zake namna ya kujaza fomu. Hajatutupia neno la lawama. Lakini kila tumwonapo akivuka Barabara ya Morogoro kwa fimbo yake, katikati ya kelele zile, twakumbuka dakika ile moja ofisini. Alikuwa akitujibu kila asubuhi, nasi hatukuwa tumeuliza.