Kabuti la Babu Halikutoka Burma

Wasee, leo siuzi kitu. Najua wengi wenu mlinijulia zile video za Gikomba, nikichambua marobota ya mtumba nikitafuta nguo za zamani za jeshi la Uingereza. Hii nimeshindwa kuifanya video. Nimejaribu mara tatu, kila mara nafika katikati nazima simu.

Kwa wageni: niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa, na hizi nguo ndizo zimekuwa zikinilipia rent. Nyingi ni za juzi tu. Unaangalia lebo, unakuta namba ya tarakimu 13. Ya tano na ya sita zikiwa 99, hiyo namba ni ya Uingereza. 12 ni Ujerumani. Rahisi. (Na tafadhali, nguo za mabaka usizivae mtaani. Sheria ya Kenya haitaki raia avae sare za jeshi, na askari hatakuuliza kama wewe ni mkusanyaji.)

Zile za zamani kabisa hazina hiyo namba. Hapo ndipo raha iko. Unatafuta muhuri wa mshale wa mistari mitatu, unakaa kama unyayo wa kuku. Hiyo ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Ukibahatika, lebo ina kipimo cha urefu na kifua kwa futi na inchi, jina la kiwanda, na mwaka. Halafu unageukia vifungo. Vile vya shaba vina nembo ya kifalme, na juu yake kuna taji. Taji ambalo matao yake yamepanda yakawa duara ni la mfalme, lilitumika kuanzia 1901 mpaka George wa Sita alipofariki 1952. Taji ambalo matao yake yamebonyea katikati ni la Malkia Elizabeth. Siku hizi Charles amerudisha umbo la duara, kwa hivyo taji peke yake linaweza kukudanganya. Mimi lilinidanganya mwaka jana, nikauza kifungo kipya kwa bei ya babu. Nilirudisha pesa.

Sasa, kabuti. Susu yangu wa Machakos, mama ya mama, alikuwa nalo ndani ya sanduku la bati tangu nikiwa mtoto. Sufu nzito, rangi ya kahawia iliyochoka, linanuka moshi na dawa ya nondo. Lilikuwa la baba yake, askari wa KAR. Hadithi ya nyumbani ilikuwa moja: babu alipigana Burma. Tukila Krismasi, Burma. Mtu akilalamika kuhusu mvua, anaambiwa hajaona mvua ya Burma. Na kweli wanajeshi wa Afrika Mashariki walienda huko, 1944 walishuka bonde la Kabaw kwa matope na malaria wakiwafukuza Wajapani.

Mwezi uliopita Susu akanipa. Nikalipiga picha, nikapost, na ndani ya siku mbili mkusanyaji mmoja wa Uingereza akaniandikia. Shilingi 45,000, bora nimwandikie historia ya Burma kwenye karatasi. Wasee, elfu arobaini na tano. Nilikuwa na deni la nyumba ya miezi miwili.

Nikakaa kitandani na tochi ya simu nifanye kazi yangu kama kawaida. Kitu cha kwanza kilinichekesha: nani anavaa sufu ya kilo kadhaa kwenye msitu wa joto wa Burma? Sawa, labda alipewa akirudi. Kisha nikaona taji. Limebonyea katikati, vifungo vyote. Vifungo hubadilishwa, nikajiambia, uzi hukatika. Nikageuza lebo ya ndani. Mshale upo, na chini yake 1954.

Sikuhitaji kutafuta. 1954 Kenya ilikuwa kwenye hali ya hatari, na batalioni za KAR zilikuwa zimetumwa Nyandarua na Mlima Kenya kuwawinda Mau Mau. Kule juu kuna baridi. Kule kabuti lina maana.

Na buda yangu ni Mkikuyu wa Nyeri. Babake guka alikaa kizuizini miaka minne. Guka alikua akimwona mamake akichimba mitaro ya mkoloni.

Nilimpigia Susu. Nilidhani atakana. Akanyamaza hadi nikafikiri credit imeisha, kisha akasema: "Burma alienda kweli. Akarudi. Hii ingine ndiyo ya Nyeri. Mamako alipoleta babako hapa, nilimwambia baba, kuanzia leo ni Burma tu." Nikamuuliza kama babu aliwahi kusema alichofanya huko. Akasema alikuwa anaamka usiku, na kabuti hakulivaa tena hata wakati wa baridi ya Julai. Hakuongeza kitu.

Yule mnunuzi nilimwandikia ukweli: 1954, Kenya. Amesoma. Hajajibu. Landlord naye hajui mambo ya taji, tumeelewana nimpe nusu Ijumaa.

Kwa buda ndiyo ilikuwa ngumu. Aliliweka magotini akapapasa vifungo kimoja kimoja, halafu akaniuliza kama nimemwambia guka. Bado. Guka hasomi mitandao, ndiyo maana nyinyi mmetangulia. Tunaenda Nyeri Jumamosi. Kabuti limekunjwa kwenye mfuko wa mama, na buda amesema yeye ataendesha gari, lakini kuongea nitaongea mimi.