Siku Moja katika Mlima Hanang

Atokaye pwani akafika Dodoma hudhani kwamba bara yote ni nchi kavu ya mibuyu na miiba. Nasi tulidhani hivyo. Lakini tulipoifuata barabara iendayo kaskazini, tukaipita Kondoa, tukafika Babati baada ya kilomita 251, kisha tukageuka kuelekea Singida, tuliuona Mlima Hanang umesimama peke yake katika uwanda mfano wa kisiwa baharini.

Mlima huu ni volkano iliyonyamaza zama za kale, na kimo chake chapita mita 3,400. Tulilala Katesh, mji ulio miguuni pake, na baada ya sala ya alfajiri tukaanza kupanda pamoja na kiongozi wetu, kijana wa Kibarabaigi, kwani msitu ule ni hifadhi wala hauingiwi bila ya ruhusa. Kilele tuliwaachia wenye magoti mazima.

Chini mna mashamba ya mahindi na maharage. Ukishayapita waingia msituni, na hewa yabadilika kama mtu aliyeingia nyumba nyingine. Miti ni mirefu, matawi yake yameota ndevu za kijivu, na ardhi ni nyeusi tena laini. Mawingu yajayo kutoka mashariki huzuiliwa na mlima yakamwaga maji yake, msitu ukayanywa, kisha ukayatoa kidogo kidogo katika vijito. Na majivu ya volkano ile ya kale ndiyo yaliyozaa udongo huu wa rutuba. Basi ni nani awezaye kuwalaumu watu kwa kujenga hapa?

Tulipofika penye uwazi, kiongozi wetu alisimama akanyosha fimbo yake. "Ni pale, wazee wangu," alisema, asiongeze neno.

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya ubavu wa mlima ilishiba maji ikameguka. Tope, mawe na magogo yalifuata mabonde mpaka Katesh na vijiji vya jirani, yakazoa nyumba na waliomo. Watu zaidi ya 80 walifariki. Wako waliodhani kuwa volkano imeamka. Wataalamu wakapima, wakasema sivyo, bali ni miamba dhaifu iliyolowa maji.

Tumepata kuwasikia watu barazani wakisema kwamba ile ilikuwa ni adhabu. Twawauliza, nani aliyewapa habari hiyo? Katika mafundisho ya Mtume wetu (S.A.W.), afaye kwa kuzama na afaye kwa kuangukiwa na jengo huhesabiwa miongoni mwa mashahidi. Waislamu waliokufa siku ile wana daraja hiyo kwa rehema za Mola wao, nao wenye kuketi barazani hawana dhamana yoyote. Kiongozi wetu alitwambia kwamba jirani yake alikuwa amelala na watoto wake. Hatukuwa na la kumjibu ila kumwombea subira.

Adhuhuri tulisali kasri chini ya mti, kisha tukashuka, tukauzunguka mlima kwa gari hadi Ziwa Balangida. Maji yake ni ya chumvi, na kiangazi hupungua hata ukingo ukawa mweupe kama uliomwagiwa unga. Mvua ileile ya mlimani, ikiisha kupita katika mashamba ya watu, huku haina tena pa kwenda. Jua huichukua ikaacha chumvi. Wachungaji walikuwa wakiwaleta ng'ombe wao kuilamba. Tulionja kidogo, tukacheka wenyewe kwa wenyewe kwa nyuso tulizozikunja.

Magharibi ilitukuta Katesh. Tulipouliza kibla tulioneshwa kaskazini, kidogo kuelekea mashariki, na huko ndiko uliko mlima. Tukapanga safu pamoja na wenyeji, nao wote, wakiwamo waliofiwa, wakauelekea.