Kijiko cha Risasi

Nilipokuwa kijana, hapa Mombasa, betri ya gari ikifa haikutupwa. Tuliipasua, tukamwaga asidi mtaroni, tukatoa zile pleti za kijivu na kuziyeyusha juu ya makaa. Risasi ikishayeyuka niliiteka kwa kijiko, nikaimimina kwenye vishimo vya mchanga. Ikaganda, chubwi za mshipi tayari. Vipande vidogo tulivibana kwenye uzi kwa meno. Kazi ikiisha, kijiko nilikisugua kwa mchanga, nikakirudisha jikoni kwa mama.

Sisi wa rika langu kitu tulikipima kwa kazi yake tu. Betri imewasha gari? Basi inafaa. Ikishakufa moshi wake utaingia pafuni mwa nani, hatukuuliza. Hata petroli ilitiwa risasi ili injini isigonge, nasi tukaivuta barabarani kila asubuhi. Dunia haikuacha kuiuza kwa magari hadi 2021, Algeria ilipoikomesha. Nayo risasi haina haraka. Mwili huidhani kalisi, ukaiweka mifupani, ikatulia humo miaka na miaka. Mama akishika mimba, risasi hurudi damuni, ikamfikia mtoto tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama.

Watu wa Owino Uhuru, kijiji cha hapa hapa Mombasa, wanayajua haya kuliko mimi. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilifunguliwa ubavuni mwao 2007, kikafungwa 2014. Phyllis Omido alikuwa mwajiriwa humo. Mwanawe akaugua, vipimo vikaonyesha risasi damuni. Wanakijiji wakashtaki, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, kesi ikaburutwa hadi Mahakama ya Juu. Walioendesha magari yenye betri zile hawakuunusa moshi ule.

Ninyi wajukuu mna betri za sola, nami nashukuru kuona koroboi zimezimwa. Ila anayetaka kujua madhara ya betri asianzie dukani wala asiishie siku ya dhamana kwisha. Aifuate toka mgodini hadi kwa yule anayeipasua kwa shoka.

Wadogo zangu walinyweshwa uji kwa kijiko kile. Mmoja alikuwa mzito wa masomo. Tukamwita mvivu, akachapwa sana. Siwezi kuapa kwamba ni risasi. Ila kijiko najua kilitoka mkononi mwa nani.