Mdigo wa Mackinnon Road

Kwetu Kikoneni, Kwale, hakuna reli. Kuna minazi, mikorosho na michungwa, na mvua ikikawia kidogo tu utasikia watu wanalalamika msikitini. Mtu wa reli katika ukoo wetu alikuwa mmoja, mjomba wangu, na kwa sisi Wadigo mjomba akikuita huulizi mara mbili. Nilikuwa nimemaliza shule, sina kazi. Akaniita Mackinnon Road.

Ni Kwale hiyohiyo, lakini nilivuka feri Likoni, nikapita Mazeras, Mariakani na Samburu, ndipo nikaiona nyika ya Taru. Miiba, mibuyu, vumbi jekundu. Maji yalikuwa ya kununua kwa mtungi. Niliingia kwenye chumba cha mjomba katika nyumba za reli nikijiambia nitakaa hadi nipate nauli ya kurudi.

Kazi yake ilikuwa kutembea relini. Alfajiri alitoka na nyundo na spana ndefu, akigonga kila penye kiungo huku ameinamisha kichwa. Nati iliyokaza ililia kwa sauti nyembamba. Iliyolegea ilikoroma, naye akapiga goti palepale kwenye mataruma akaikaza. Nilimfuata nimebeba chupa ya maji. Siku moja aliniuliza, "Umesikia?" Nikamwambia sijasikia kitu. "Basi rudi nyuma tuanze upya." Tulianza upya mara nyingi, mpaka sikio langu likakubali.

Hakupenda mtu aseme mji huu ulizaliwa na reli. William Mackinnon alikuwa Mskoti mwenye kampuni iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888, nayo ndiyo iliyoanza kuchonga njia ya mikokoteni ya ng'ombe kutoka pwani kwenda bara. Alikufa 1893, ilhali reli ilianza kutandazwa Mombasa mwaka 1896. Kwa hiyo stesheni imebeba jina la barabara, na la mtu ambaye hakuwahi kusikia treni ikipiga honi hapa.

Hiyo reli iliwaleta zaidi ya Wahindi 31,000, na karibu 2,500 kati yao walikufa kazini. Taru iliwatesa kwa kiu. Maji yalipandishwa kwa treni. Mmoja wa wajenzi hao, Sayyid Baghali Shah, amezikwa hapa, na msikiti wenye kaburi lake uko kando ya reli. Wazee husimulia kwamba karai lake la zege lilikuwa likielea juu ya kichwa bila kumgusa. Mimi sibishani na wazee. Ninachokiona kwa macho yangu ni madereva wa malori, Waislamu na Wakristo, wakiegesha kando ya lami, injini zikinguruma, wanavua viatu, wanatia sadaka, kisha wanaendelea na safari. Wengi hawathubutu kupita hivihivi.

Wengine waliletwa bila kuulizwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walijenga hapa ghala kubwa la jeshi, wakaliacha baada ya miaka michache. Mwaka 1954 wakawajaza kambini watu waliokamatwa Nairobi katika Operesheni Anvil, msako wa washukiwa wa Mau Mau. Kuhusu habari hizo mjomba alikuwa mchache wa maneno, nami sikumchokonoa.

Mwaka 2017 ndio uliotugeuza. Treni mpya, Madaraka Express, ilizinduliwa tarehe 31 Mei, na treni ya zamani ya abiria ikakoma mwaka huohuo. Kina mama waliozoea kupandisha mayai na karanga madirishani wakabaki na mabeseni yao. Treni mpya ya abiria husimama Mariakani, kisha Miasenyi. Sisi tuko katikati. Mtu wa mji wa reli akitaka kupanda treni, kwanza atafute matatu!

Mjomba alikuwa ameshastaafu na kurudi Kikoneni. Alinitumia ujumbe nifungashe. Sikufungasha. Nilikuwa nimeshaoa Mduruma, na Kiduruma kwa Mdigo ni lugha ya jirani, hakinisumbui. Tukafungua hoteli ndogo upande wa barabara, chai, chapati na maharage ya nazi, ambayo madereva wa bara walianza kwa kuyatilia shaka na sasa wanayaagiza kwa simu wakiwa Voi. Yule kijana wa mvua nyingi sasa anaoga kwa makopo mawili na kupanga siku yake kwa zamu za malori. Reli ilinipa sikio. Riziki yangu inatoka kwa wanaosimama.

Wapwa zangu hunipigia kila msimu: "Mjomba, unarudi lini? Shamba linakungoja." Nawaambia walete machungwa, magunia mawili kwa kuanzia, wayapakie asubuhi yasipate joto la feri. Hapa chungwa la Kikoneni halilali.