Je, Mwanao Ana Urefu Gani?

Mzazi mwenzangu, umewahi kukabidhiwa karatasi ya hospitali yenye neno moja tu la kukunyima usingizi? Mimi nimewahi. Neno lenyewe lilikuwa "limevimba".

Kifungua mimba wangu alikuwa na umri wa miaka 8. Tulikuwa tumekwenda Busia kwa nyanyake wakati wa likizo, na mara tuliporudi Nairobi malaria ikamwangusha. Alitibiwa, akapona. Lakini daktari alipompapasa tumbo upande wa kushoto, chini ya mbavu, alisita kidogo, kisha akatuandikia picha ya ultrasaundi ya wengu, ambalo wengine huliita bandama.

Tukaenda kwenye kliniki moja mtaani. Kijana aliyekuwa zamu alimpaka mwanangu mafuta yale ya baridi, akapitisha kifaa chake tumboni, akabonyeza hapa na pale. Hakuuliza lolote. Punde si punde nilikuwa barabarani na karatasi mkononi: wengu, sentimita 9.4, limevimba.

Nami nikaongeza kosa langu juu ya hilo. Mwaka uliotangulia, binti yangu wa miaka 4 alikuwa amepigwa picha kama hiyo, na wengu lake lilikuwa sentimita 7. Niliitafuta karatasi yake kabatini, nikaziweka zote mbili mezani, nikaanza kutoa hesabu kama mwuza duka. Usiku huo sikupata hata lepe la usingizi. Najua wengu huvimba kwa malaria, kwa kichocho, kwa selimundu, na hata kwa kansa ya damu. Unadhani mawazo yangu yalikwenda wapi? Yalikwenda kwa binamu yangu, aliyemzika mtoto wake kwa ugonjwa huo wa mwisho.

Baba watoto alisema tungoje kwanza. Nikakataa katakata. Jumatatu alfajiri nilikuwa kwenye foleni ya hospitali nyingine, na mtoto kaniegemea akisinzia.

Safari hii tulipokewa na mama mmoja wa makamo. Kabla hata ya kuigusa mashine aliuliza, "Mama, kijana ana miaka mingapi? Na urefu wake je?" Nilidhani ananitania. Urefu wa nini? Nimemleta kuangaliwa wengu, si kupimwa suruali! Hakunijali. Alimsimamisha ukutani, akasoma: sentimita 132.

Alipokuwa akimpima alinieleza taratibu. Mashine hiyo haitumii mionzi kama eksirei. Hutuma mawimbi ya sauti ambayo sikio haliyasikii, na mwangwi unaorudi ndio unaochora picha. Kisha mpimaji huvuta mstari toka ncha hadi ncha na kusoma sentimita. Lakini sentimita hizo peke yake hazisemi kitu, kwani mtoto hukua ndani kama anavyokua nje. Wengu la mtoto wa miezi 3 likizidi sentimita 6, huhesabiwa kuwa kubwa. Kwa mtoto wa miaka 4 mpaka ni 9, kwa wa miaka 8 ni 10, na kwa wa miaka 12 ni 11.5. Figo nayo ni hivyo hivyo: ya mtoto mchanga ina urefu wa kama sentimita 4.5, ilhali ya mtu mzima hufika 10 na zaidi.

Kumbe zile sentimita 9.4 zingekuwa za kutisha kwa binti yangu, lakini kwa kakake zilikuwa ndani ya mpaka!

Na kwa nini urefu? Mwaka 1998 watafiti wa Uturuki walichapisha vipimo vya ini, wengu na figo za watoto 307 wenye afya. Waligundua kuwa urefu wa mwili ndio uliolingana zaidi na ukubwa wa viungo hivyo. Kweli, watoto wa kule si wa Busia, ambako mbu hawana likizo. Ndiyo maana yule mama hakutufukuza hivi hivi tu. Alituambia turudi baada ya miezi 3, maana malaria ile huenda ilikuwa imelikuza wengu kidogo.

Tulirudi. Urefu, sentimita 134. Wengu, 8.9. Kijana mwenyewe hakuuliza habari za wengu. Alichotaka kujua ni kama yale mafuta ya baridi ni lazima.