Watoto Wanapouliza Habari za Mawe

Baadhi ya wazazi wa usharika wetu wa Igawa walisita kuwaruhusu vijana wao kwenda Kilimanjaro kwa safari ya somo la jiografia. Hawakuhofia baridi wala nauli. Walisema, "Mchungaji, huko watafundishwa kwamba barafu ndiyo iliyochonga mlima kwa maelfu ya miaka. Wakirudi, watasali tena?"

Tulifuatana nao: mwalimu, mzee mmoja wa kanisa, na mchungaji.

Siku ya pili tulifika Horombo, mita 3,720. Kesho yake, juu zaidi, mwalimu alitusimamisha kwenye tuta la mawe: mengine makubwa kama gunia la mpunga, mengine kokoto, pamoja na vumbi, vyote vimechanganyika. Akauliza, "Mto wenu wa Mbarali huweka mawe hivi?" Vijana wakakataa. Mto huchagua: mawe mazito huyaacha mapema, mchanga huusogeza mbele, tope laini hufika mashambani. Barafu haichagui. Hubeba vyote, na ikiyeyuka huviacha pamoja. Kwa tuta lile tulijua kwamba zamani barafu ilishuka hadi pale, ingawa leo imebaki juu Kibo, nayo inazidi kupungua.

Binti mmoja akasema, "Lakini Mchungaji, hakuna aliyeiona. Tuamini?"

Tukamsimulia habari za mmisionari Johannes Rebmann. Mwaka 1848 aliona theluji juu ya mlima huu, akaandika. Wasomi huko Uingereza, ambao hawajafika, walimkatalia wakisema theluji haiwezi kudumu karibu na ikweta. Theluji ilikuwepo vilevile.

Jioni tulisoma Yoshua sura ya 4. Israeli waliagizwa kutoa mawe 12 katika Yordani, ili siku watoto watakapouliza habari zake, wazazi wawe na la kujibu. Mungu alilitarajia swali la mtoto, akaliandalia mawe.

Aliyeumba mlima ndiye aliyeumba barafu, na maelfu ya miaka ni yake. Kijana anayeyasoma mawe kwa uaminifu hamwibii Mungu kitu. Vijana wengi tunawapoteza nyumbani, siku wanapouliza wakaambiwa wanyamaze. Basi wazazi, mtoto akirudi na swali, mpeni kigoda, mketi naye. Mkishindwa kujibu, njoni naye kanisani, tutafute pamoja.